Mlinzi Naye Husoma: Historia Fupi ya Ulinzi Katika Kandanda

Historia ya kandanda husimuliwa kwa kawaida kama historia ya wafungaji mabao. Pelé, Puskás, Cruyff, Eto'o: majina haya huyasikia hata mtoto ambaye hajaanza shule. Lakini kila mara timu fulani ilipobuni namna mpya ya kushambulia, ikawashinda wenziwe kwa mwaka mmoja au kwa miaka mitano, palitokea watu wengine waliokaa wakaitazama namna ile, wakaisoma kama mwanafunzi asomavyo kitabu kigumu, kisha wakaipatia jibu. Watu hao ni walinzi na walimu wao. Habari zao ndizo tunazokusudia kuzieleza katika makala haya.

Tumezichagua kwa sababu mbili. Kwanza ni sababu ya lugha. Maneno tunayoyatumia uwanjani, kama vile beki, sentahafu, namba tano, kuotea na kukaba, yamehifadhi historia ambayo wengi wetu huitamka kila siku bila ya kuitambua. Sababu ya pili ni ya huku kwetu. Hapa Gitaza, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kati ya Bujumbura na Rumonge, milima huteremka hadi karibu na maji na ardhi tambarare ni haba. Hata hivyo, penye kipande kilicho sawa vijana husimika milingoti. Katika viwanja hivyo kila kijana hutaka kuwa mshambuliaji. Anayewekwa nyuma hujiona ameadhibiwa. Na timu ya taifa ya Burundi iliporudi kutoka Misri mwaka 1919 pamoja na mia moja, yaani 2019, bila ya bao hata moja, tulisikia wengi wakisema kwamba ulinzi ndio uliotuponza. Kauli hiyo twataka kuipima kwa mizani ya historia.

Kuotea na mtego wake

Chama cha kandanda cha Uingereza kiliundwa mjini London mwaka 1863. Katika miaka ile ya mwanzo mchezo ulikuwa wa kukimbia na mpira miguuni, na karibu kila mtu alikuwa mshambuliaji. Timu za Uingereza na Scotland zilipokutana Glasgow tarehe 30 Novemba 1872, katika mechi ya kwanza ya mataifa, inaelezwa kwamba Waingereza walipanga washambuliaji wanane na Waskoti sita. Mechi ikaisha bila ya bao. Wingi wa washambuliaji, basi, si wingi wa mabao. Katika miaka ya 1880 mpango ulitulia: mabeki wawili, mahafu watatu, mafowadi watano. Mpango huo ulidumu kwa miaka karibu arobaini.

Sheria ya mwaka 1866 ilimtaka mshambuliaji awe na wapinzani wasiopungua watatu mbele yake wakati mpira unapopigwa kuelekea kwake. Akiwa na pungufu ya hao, amekosa. Kiswahili kimeliita kosa hilo kuotea, na jina hilo limechaguliwa kwa busara. Kuotea ni kazi ya mwindaji: hujibanza mahali akamngoja mnyama apite. Mshambuliaji anayejibanza karibu na goli akingoja mpira umfikie, huyo ameotea.

Walinzi wakaisoma sheria ile wakaona kwamba inaweza kugeuzwa silaha. Bill McCracken, mzaliwa wa Belfast na beki wa Newcastle United, alipata sifa, na lawama pia, kwa ustadi wake wa kupanda mbele kwa ghafula ili mshambuliaji abaki nyuma yake hali ameotea. Kwa kuwa sheria ilitaka watu watatu, beki mmoja alitosha kupanda. Mwenziwe alibaki karibu na kipa kuwa akiba endapo mtego usingenasa. Mwindaji sasa akawa ndiye anayewindwa. Mbinu hii ilienea, mpira ukabanwa katikati ya uwanja, na watazamaji wakalalamika.

Mwaka 1925 sheria ikabadilishwa: badala ya wapinzani watatu, wawili wakatosha. Matokeo yake yalionekana mara moja. Katika daraja la kwanza la Uingereza mabao 1,192 yalikuwa yamefungwa msimu wa 1924/25. Msimu uliofuata yakafika 1,703, na idadi ya mechi ilikuwa ile ile, 462. Beki aliyepanda mbele sasa hakuwa na akiba nyuma yake. Akikosea hatua moja, mshambuliaji alibaki na kipa peke yao.

Sentahafu arudi nyuma

Tarehe 3 Oktoba 1925 Arsenal ya London ilifungwa na Newcastle mabao 7 kwa 0. Mwalimu wa Arsenal, Herbert Chapman, alikuwa mgeni katika klabu ile, na mchezaji wake Charlie Buchan alikuwa amekwisha kumshauri kwamba sentahafu aondolewe katikati ya uwanja na kurudishwa kati ya mabeki wawili. Baada ya kipigo kile ushauri ukakubaliwa. Ili pengo la katikati lisibaki wazi, mafowadi wawili wa ndani nao walivutwa nyuma. Mpango mpya, ukichorwa karatasini, ulifanana na herufi W juu ya herufi M, na kwa herufi hizo ukapewa jina. Baadaye Herbie Roberts akawa mfano wa sentahafu wa namna mpya: kazi yake ilikuwa kumkaba sentafowadi, basi. Arsenal ilitwaa ubingwa mwaka 1931, kisha 1933, 1934 na 1935. Chapman mwenyewe alifariki Januari 1934.

Hapa mwalimu wa lugha hana budi kusimama kidogo. Neno sentahafu maana yake ni hafu wa kati, yaani mtu wa mstari wa katikati. Baada ya mwaka 1925 mtu huyo alikuwa beki kwa kazi na kwa mahali, lakini jina lake la zamani hakulivua. Mambo ya namba ni hayo hayo. Ligi ya Uingereza ilipoamuru mwaka 1939 kwamba jezi ziwe na namba, namba zilipangwa kwa kufuata mpango wa kale: 2 na 3 mabeki, 4, 5 na 6 mahafu, 7 hadi 11 mafowadi. Namba 5 akawa beki wa kati ingawa hesabu yake ni ya mahafu. Mtangazaji wa Tanzania anaposema "namba tano" akiwa na maana ya beki wa kati, anataja, bila ya kukusudia, uamuzi uliofanywa baada ya mabao saba ya Newcastle.

Njia mbili zilimshinda fisi

Kwa miaka zaidi ya ishirini ulinzi wa watu watatu ulitosha, kwa sababu kila beki alimjua mtu wake: namba 5 alimkaba namba 9, mabeki wa pembeni waliwakaba mawinga. Kukaba, kama tujuavyo, ni kushika shingo. Neno lenyewe linataka aliyeshikwa awepo mahali pake. Je, asipokuwepo?

Swali hilo liliulizwa Wembley tarehe 25 Novemba 1953. Hungaria ilimvisha Nándor Hidegkuti jezi namba 9, lakini hakukaa mbele. Alirudi katikati ya uwanja na kuanzia huko mashambulizi. Sentahafu wa Uingereza, Harry Johnston, alifikwa na shida ambayo wahenga walikwisha kuitaja: njia mbili zilimshinda fisi. Akimfuata Hidegkuti, anaacha shimo mbele ya goli lake, na Puskás na Kocsis wanaingia. Akibaki mahali pake, Hidegkuti anacheza bila ya bughudha. Hungaria ilishinda 6 kwa 3, na Hidegkuti alifunga matatu. Mwezi Mei 1954, mjini Budapest, Waingereza walikwenda kurudiana wakafungwa 7 kwa 1. Hawakuwa wamelisoma somo.

Wajerumani wa Magharibi walilisoma. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1954, nchini Uswisi, walifungwa na Hungaria 8 kwa 3 katika hatua ya makundi. Katika fainali mjini Bern, tarehe 4 Julai, walikuwa nyuma kwa mabao mawili kabla ya dakika kumi kupita. Lakini mwalimu Sepp Herberger alikuwa amempa Horst Eckel, mchezaji wa kiungo, kazi ya kumwandama Hidegkuti huko huko anakorudi, ili sentahafu asilazimike kuliacha goli. Ujerumani ikashinda 3 kwa 2. Jibu lilikuwa rahisi likishajulikana: mtu anayeishi kati ya mistari miwili akabwe na mtu anayeishi hapo.

Brazili ilileta jibu la kudumu zaidi. Badala ya kumtwisha sentahafu mzigo peke yake, ilimpa mwenzi: mabeki wa kati wakawa wawili na safu ikawa ya watu wanne. Mmoja akitoka kumfuata adui, mwingine hubaki. Mwaka 1958, nchini Sweden, dunia ilimshangilia Pelé, kijana wa miaka 17, na ilistahili kumshangilia. Lakini yafaa tukumbuke pia kwamba Brazili haikufungwa bao lolote hadi ilipofika nusu fainali. Huyo beki wa pili wa kati alitoka miongoni mwa mahafu. Uingereza walimtoa namba 6. Katika Kiswahili cha Tanzania aliyeshuka ni namba 4, na namba 6 akabaki mbele yao kuwa kiungo mkabaji. Kwa hiyo mzee wa Kitanzania na mzee wa Kiingereza wakizungumza habari za "namba sita" hawamzungumzii mtu mmoja.

Komeo na mlango

Tangu miaka ya 1930 palikuwa na fikra nyingine. Karl Rappan, Mwaustria aliyefundisha Uswisi, alijua kwamba wachezaji wake hawakuwa na nguvu wala ustadi wa kushindana na wakubwa mtu kwa mtu. Akamwondoa mlinzi mmoja katika kazi ya kukaba, akamweka nyuma ya wenziwe ili aokoe kila mpira utakaopenya. Mpango huo uliitwa kwa Kifaransa jina la komeo la mlango. Mwaka 1938 Uswisi iliitoa Ujerumani katika Kombe la Dunia kwa mabao 4 kwa 2. Twaomba msomaji alishike jambo hili: komeo lilibuniwa na mnyonge kwa ajili ya kujikinga na mwenye nguvu.

Waitalia walilipokea komeo hilo, wakalitafsiri kwa lugha yao na kulifanya mfumo kamili. Helenio Herrera alipokuwa mwalimu wa Inter ya Milano, Armando Picchi alisimama nyuma ya walinzi wenziwe akiwa huru, na Inter ikatwaa Kombe la Klabu Bingwa za Ulaya mwaka 1964 na 1965. Watu wengi husahau kwamba Inter haikukaa nyuma tu. Beki wake wa kushoto, Giacinto Facchetti, alipanda mbele na kufunga mabao. Komeo lilikuwa na mlango. Lisingekuwa na mlango lingekuwa ukuta wa gereza.

Komeo nalo lilipata msomaji wake. Tarehe 25 Mei 1967 mjini Lisbon, Inter ilitangulia kwa penalti, kisha ikajifungia ndani. Celtic ya Glasgow iliona kwamba walinzi wa Inter wamezoea kuwakaba washambuliaji, basi ikawatuma mabeki, ambao hakuna aliyepangwa kuwakaba. Bao la kusawazisha lilifungwa na Tommy Gemmell, beki wa kushoto, na Celtic ikashinda 2 kwa 1. Tangu hapo kumkaba mtu peke yake hakukutosha. Ilibidi kukaba eneo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Arrigo Sacchi wa AC Milan aliifundisha safu nzima kupanda na kushuka pamoja kama watu waliofungwa kwa kamba moja, akautumia upya mtego wa McCracken, na timu yake ikatwaa kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990.

Sheria yaingia kati

Ulinzi unaposhinda mno, wenye mchezo hurudi kwenye sheria. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1925, na ndivyo ilivyokuwa tena baada ya Kombe la Dunia la mwaka 1990 nchini Italia. Katika mechi 52 yalifungwa mabao 115 tu, wastani wa mabao 2.21 kwa mechi, wastani mdogo kuliko wa mashindano yote yaliyotangulia. Mwaka huo huo ikaamuliwa kwamba mshambuliaji aliye sambamba na mlinzi hajaotea. Mwaka 1992 kipa akakatazwa kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenziwe. Zamani beki akibanwa alirudisha mpira kwa kipa akapumzika. Tangu mwaka ule beki na kipa wote wawili hawana budi kujua kucheza mpira. Sheria iliyotungwa ili kumsaidia mshambuliaji imemfanya mlinzi kuwa fundi zaidi.

Karne hii mpya nayo imeleta swali lake: timu za pasi fupi nyingi, ambazo humnyima mpinzani mpira. Jibu moja vijana wetu wanalijua kwa jina, nalo ni kupaki basi. Mwezi Aprili 2010 Inter ilikwenda Barcelona ikiwa na ushindi wa 3 kwa 1 wa mechi ya kwanza, ikacheza muda mrefu na watu kumi, na Samuel Eto'o, mfungaji mkubwa wa Afrika, akashuka kusaidia ulinzi wa pembeni. Ilifungwa 1 kwa 0 ikasonga mbele. Kijana anayeona haya kuitwa beki na akumbuke kwamba Eto'o hakuona haya.

Burundi, 2019

Sasa turudi kwenye kauli tuliyoahidi kuipima. Burundi ilijiunga na shirikisho la Afrika na la dunia mwaka 1972, na kwa muda mrefu haikufika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Katika mchujo wa mashindano ya 2019 iliwekwa kundi moja na Mali, Gabon na Sudan Kusini. Mwalimu Olivier Niyungeko aliiongoza timu katika mechi sita bila ya kufungwa hata moja: ilishinda mbili na kutoka sare nne, mojawapo sare ya 0 kwa 0 huko Mali. Tarehe 23 Machi 2019, mjini Bujumbura, sare ya 1 kwa 1 na Gabon ilitosha. Gabon ikabaki nyumbani, Burundi ikaenda Misri. Ulinzi, basi, ndio uliotufikisha.

Huko Misri, Nigeria ilizuiwa mpaka dakika ya 77. Ndipo Ola Aina, beki, alipopanda mbele na kumpasia Odion Ighalo kwa kisigino, naye Ighalo, aliyeingia kutoka benchi, akafunga. Ni somo la Lisbon lile lile: ukuta uliozoea kuwakaba washambuliaji ulivunjwa na pasi ya beki. Madagaska nayo ilishinda 1 kwa 0 kwa mpira wa adhabu, na Guinea 2 kwa 0, sisi tukiwa pungufu kwa mchezaji mmoja tangu mapema. Katika mechi mbili za kwanza, zilizokuwa za uamuzi, tulifungwa bao moja moja. Ulinzi unaofungwa bao moja haukushindwa kazi yake. Kilichokosekana ni mlango: njia ya kutoka na mpira baada ya kuupata.

Anayetilia shaka na aitazame Moroko katika Kombe la Dunia la mwaka 2022. Hadi ilipoingia nusu fainali, ikiwa timu ya kwanza ya Afrika kufika huko, goli lake lilikuwa limetikiswa mara moja tu, na bao lenyewe lilitoka mguuni mwa mlinzi wake katika mechi na Kanada. Hispania ilishindwa kwa penalti, Ureno kwa bao moja. Walinzi wa Moroko walikaa nyuma kwa nidhamu, lakini walipoupata mpira walijua nani atakimbia na kupitia wapi. Moroko ilikuwa na komeo na mlango pia.

Funzo kwa walimu

Historia hii inatufundisha kwamba kila swali la mshambuliaji limepata jibu, na kila jibu limezaa swali jipya. Tena majibu mengi hayakutoka kwa waliokuwa na nguvu. Yalitoka kwa waliofungwa saba, kwa waliofungwa nane, na kwa nchi ndogo ambazo hazikuwa na njia ya kushindana kwa misuli. Nchi yetu ni ndogo. Kuwafundisha watoto wetu kudharau ulinzi ni kuwanyima elimu ambayo wadogo wanaihitaji kuliko wakubwa.

Kwa upande wa lugha, Kiswahili cha mwambao huu kimepokea maneno ya mchezo kutoka Tanzania na kutoka Kongo, ya Kiingereza na ya Kifaransa, na wanafunzi huyachanganya. Hatuoni vema kuyafuta. Twapendekeza kwamba katika darasa la insha mwalimu achore ubaoni mpango wa mwaka 1880 na kitu, wa 1925 na wa 1958, kisha awatake wanafunzi waeleze kwa Kiswahili sanifu nani alihama, alikwenda wapi, na kwa nini jina lake halikuhama naye. Watajifunza kueleza sababu na matokeo, jambo ambalo ni gumu katika insha zao. Na huenda mmoja wao, akipangwa nyuma jioni ile, asione tena kwamba ameadhibiwa.